Drobný, Mcheki Aliyeipa Misri Taji la Wimbledon

Pitia orodha ya mabingwa wa tenisi wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, tangu mashindano yaanze. Utakuta jina moja tu lenye nchi ya Afrika pembeni yake. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alifika fainali mwaka 2018 akafungwa na Novak Djokovic. Ons Jabeur wa Tunisia alituvunja moyo kwenye fainali mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Jina lenyewe ni la mwaka 1954: Jaroslav Drobný, Misri.

Nikilitaja kwenye mabishano ya michezo huwa nachekwa. Mmisri gani anaitwa Jaroslav? Na wanaocheka wana haki kidogo, maana Drobný alizaliwa Prague tarehe 12 Oktoba 1921, akajifunzia tenisi Prague, na alipolichukua kombe alikuwa akiishi Uingereza. Misri haikumfundisha hata namna ya kushika raketi. Hata hivyo mimi namhesabu, tena bila kigugumizi, na sababu yangu haina uhusiano na damu wala mahali alipozaliwa. Ina uhusiano na nani alimpa karatasi za uraia wakati wengine wanamzungusha.

Baba yake alikuwa mtunzaji wa viwanja kwenye klabu ya tenisi, kwa hiyo mtoto alikulia kando ya chaki na nyavu, akiokota mipira ya wakubwa. Mwaka 1938 alicheza Wimbledon kwa mara ya kwanza, ana miaka 16, jina lake likiandikwa chini ya Chekoslovakia. Mwaka uliofuata akarudi London, na safari hii nchi yake ikaandikwa Bohemia na Moravia. Hakuwa amehama nyumba. Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague, Chekoslovakia ikafutwa kwenye ramani, na kijana wa miaka 17 akajikuta ana nchi mpya kwenye karatasi ya ratiba. Watu wanaoorodhesha wanamichezo "waliobadili uraia" huanza kumhesabia Drobný mwaka 1949. Mimi naona mabadiliko ya kwanza yalimpata hapa, na hakuna aliyemuuliza.

Vita vilimla miaka ya ujana ambayo mchezaji huwa moto. Viliporudi vikombe, mwaka 1946, alionyesha mara moja alichokuwa amekikalia: Wimbledon alimtoa Jack Kramer, Mmarekani ambaye mwaka uliofuata angekuwa bingwa, na Paris alifika fainali akashindwa na Mfaransa Marcel Bernard. Wakati huohuo alikuwa na kazi ya pili. Majira ya baridi alivaa viatu vya barafuni na kuchezea timu ya taifa ya mpira wa magongo wa barafuni. Chekoslovakia ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1947, na kwenye Olimpiki ya St. Moritz mwaka 1948 ilitoka sare ya 0–0 na Kanada, ikakosa dhahabu kwa hesabu ya mabao tu. Drobný alirudi na fedha. Boston Bruins ya Marekani ilimtaka, naye akakataa, kwa sababu kupokea mshahara wa magongo kungemwondolea sifa ya kucheza tenisi ya ridhaa, na Wimbledon ya enzi hizo ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Magongo hayohayo yalimwachia jeraha la jicho, ndiyo maana kwenye picha zake zote za uwanjani unamwona na miwani ya vioo vya rangi. Hajatokea mwanaume mwingine aliyetwaa Wimbledon akiwa na miwani usoni.

Februari 1948 chama cha kikomunisti kilitwaa madaraka Prague. Kwa mwanamichezo maana yake ilikuwa kwamba kusafiri sasa ni hisani ya serikali. Unakwenda pale wanapotaka uende, unacheza na wale wanaowataka, na ukirudi unaeleza ulikuwa na nani. Drobný na mwenzake Vladimír Černík ndio walikuwa wakiibeba timu ya nchi hiyo ya Davis Cup, kombe la tenisi la timu za mataifa za wanaume, hivyo waliruhusiwa kutoka. Mwanzoni mwa Julai 1949 alicheza fainali ya Wimbledon na Ted Schroeder wa Marekani, ikaenda seti tano, akapoteza ya mwisho 6–4.

Wiki chache baadaye wote wawili walikuwa Gstaad, mji wa milimani Uswisi, kwenye mashindano ya huko. Amri ikaja kutoka Prague: jitoeni, kwa kuwa wamo Wajerumani na Wahispania, na Hispania ilikuwa ya Jenerali Franco. Ukiitazama kijuujuu ni amri ya kisiasa kama nyingine. Ila hao Wahispania na Wajerumani hawakuwa na bunduki, walikuwa na raketi, na waliopewa amri walikuwa wamechoka kuongozwa kama watoto wa bweni. Wakagoma. Kugoma kulimaanisha kutorudi. Drobný alisimulia baadaye kwamba alichokuwa nacho siku hiyo ni mashati mawili matatu, mswaki na dola 50.

Kama kuna anayemwita msaliti kwa hilo, namwomba aangalie kilichowapata wenzake waliobaki. Machi 1950 wachezaji wa timu ya magongo, wale aliobeba nao fedha ya Olimpiki, walikuwa wajiandae kwenda London kutetea ubingwa wa dunia. Safari ikavunjwa dakika za mwisho. Wakaenda kwenye baa mjini Prague kumaliza hasira, wakaongea vibaya kuhusu serikali, na usiku uleule wakakamatwa. Oktoba mwaka huo walihukumiwa kwa uhaini. Golikipa Bohumil Modrý, ambaye kwa wengi alikuwa bora kuliko wote Ulaya, alipewa miaka 15. Baadhi yao walipelekwa kwenye machimbo ya urani. Modrý aliachiwa kabla ya muda wake, afya ikiwa imeharibika, akafa mwaka 1963. Kosa lenyewe, ukiondoa maneno ya kisheria, ni kwamba serikali ilishuku wangefanya alichofanya Drobný.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mtu aliyegoma Gstaad hakuwa tena raia wa mahali popote penye kumtaka. Tenisi ya wakati ule haikuwa na zawadi ya fedha. Hiyo ilikuja mwaka 1968. Mchezaji mkubwa aliishi kwa nauli, malazi na posho alizolipwa na waandaaji, nyingine juu ya meza na nyingine chini yake. Riziki ilikuwa kwenye mzunguko: wiki hii Roma, wiki ijayo Paris, kisha London. Kila mpaka ulitaka pasipoti yenye viza. Bila pasipoti, mkono wa kushoto ulio bora kuliko yote Ulaya ni mapambo tu. Alijaribu Uswisi, akajaribu Marekani, akajaribu Australia. Ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la ubalozi na bahasha ya vielelezo mapajani anaweza kuisoma sentensi hiyo haraka. Mimi niliwahi kurudishwa kwenye dirisha la ubalozi mmoja kwa sababu ya taarifa ya benki iliyopitwa na siku chache, na nilikuwa na nchi yangu, na kwangu pa kurudi.

Iliyokubali ni Misri. Ilikuwa Misri ya Mfalme Farouk, na sitaki kuipamba. Sidhani ikulu ya Cairo iliguswa na masaibu ya mkimbizi mmoja wa Ulaya wakati wakulima wake wenyewe wana shida zao. Cairo na Alexandria zilikuwa na mashindano ya tenisi yenye hadhi, wachezaji wakubwa wakienda huko kukimbia baridi, na kuwa na mmoja wa bora duniani kwenye orodha ya raia ni fahari nafuu. Yote hayo nayakubali. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali haiulizi nia ya rafiki. Waswisi hawakutoa, Wamarekani hawakutoa, Waaustralia hawakutoa. Kuanzia mwaka 1950 karatasi za mashindano zikaandika: J. Drobný, Misri.

Naye akailipa kwa sarafu aliyokuwa nayo. Mwaka 1950 alitwaa ubingwa wa Italia, na angerudia 1951 na 1953. Ubingwa wa Ufaransa, ambao ulikuwa umempita kwenye fainali za 1946, 1948 na 1950, aliuchukua hatimaye mwaka 1951 na kuutetea mwaka 1952 mbele ya Frank Sedgman wa Australia. Fainali ile ya 1951 huwa inanichekesha. Aliyekuwa upande wa pili wa wavu ni Eric Sturgess, mzaliwa wa Johannesburg. Kwa hiyo ukifuata karatasi, fainali ya wanaume ya Paris mwaka 1951 ilikuwa Misri dhidi ya Afrika Kusini, Afrika mwanzo mwisho, na uwanjani kuna Mcheki na mzungu wa Johannesburg, huku Misri na Afrika Kusini zote zikiwa na mamilioni ya watu ambao lango la klabu ya tenisi hawakuruhusiwa hata kulikaribia.

Wimbledon ilibaki inamkataa. Mwaka 1952 alifika fainali tena, Sedgman akalipiza. Mwaka 1953 ndio ilichezwa mechi ambayo hadi leo ukitaja jina lake mbele ya mzee wa tenisi ataianza yeye. Raundi ya tatu, alipangwa na Budge Patty, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, rafiki yake na mtu aliyemnyima ubingwa wa Ufaransa mwaka 1950. Walianza jioni. Enzi hizo hakukuwa na gemu ya kuamua seti ikifika 6–6. Mnaendelea hadi mmoja aongoze kwa mbili, iwe saa ngapi iwe. Drobný alichukua seti ya kwanza 8–6. Ya pili Patty 18–16. Ya tatu Patty 6–3. Kwenye seti ya nne na ya tano Patty alikuwa na nafasi sita, sita kamili, za kumaliza mechi kwa pointi moja tu, na zote sita zikazimwa. Jua limezama, mpira mweupe hauonekani vizuri, na mmoja wa wachezaji ana jicho bovu na miwani ya rangi. Mwamuzi mkuu akawaambia gemu mbili zaidi halafu tunaahirisha. Drobný akazishinda hizo mbili. Matokeo: 8–6, 16–18, 3–6, 8–6, 12–10. Gemu 93, rekodi ya Wimbledon iliyodumu mpaka mwaka 1969. Mguu ulikuwa umeumia, na kwenye nusu fainali Mdenmark Kurt Nielsen akammaliza.

Hawa wawili hawakukoma. Mwaka 1955, Lyon, walikutana tena kwenye uwanja wa ndani, wakafika 21–21 kwenye seti ya tatu, wakakubaliana waache.

Kwa hiyo ilipofika Julai 1954, karibu kila aliyekuwa kwenye majukwaa ya uwanja mkuu alijua hadithi yake. Miaka 32, fainali mbili amepoteza, amepangwa namba 11 tu kwa ubora. Robo fainali alimtoa Lew Hoad, kijana wa Australia mwenye nguvu za kutisha. Nusu fainali akakutana na nani? Patty. Akamtoa. Fainali ilikuwa na Ken Rosewall, Mwaustralia mwingine, miaka 19, mdogo wa umbo, mwenye mpigo wa mkono wa nyuma ambao wanaojua tenisi bado wanautolea mfano.

Picha za filamu za siku hiyo zipo na zinatazamika. Drobný ni mnene kidogo kwa macho ya leo, kifua kipana, anatembea polepole kati ya pointi kama mtu anayehesabu chenji. Bega lilishamsumbua miaka hiyo na ile sevu ya zamani, mpigo wa kuanzisha pointi, ilikuwa imepungua makali, hivyo alitegemea akili: mpira mfupi unaofia karibu na wavu, kisha mwingine mrefu juu ya kichwa. Seti ya kwanza ilikula gemu 24, 13–11 kwake. Rosewall akachukua ya pili 6–4. Ya tatu Drobný 6–2. Ya nne ilinyooka hadi 9–7, na kwisha kwake umati ulisimama. Waingereza wale walimshangilia kama wa kwao, na pale klabuni jina lake likaandikwa na nchi aliyoiwakilisha, ambayo haikuwa ya kwao wala ya alikozaliwa. Hakuna mwenye mkono wa kushoto aliyekuwa ameshinda pale tangu Norman Brookes mwaka 1914. Rosewall angecheza fainali nyingine tatu za Wimbledon, ya mwisho mwaka 1974 akiwa na karibu miaka 40, asiipate hata moja.

Kilichoandikwa na magazeti ya Cairo siku iliyofuata natamani ningekisoma. Farouk alikuwa ameshapinduliwa Julai 1952, yuko uhamishoni Italia. Yaani mfalme aliyemkaribisha mkimbizi alikuwa mkimbizi mwenyewe, na mkimbizi alikuwa bingwa kwa jina la jamhuri ya maofisa wa jeshi. Serikali mpya haikumnyang'anya pasipoti. Hata mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israel zilipoishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Drobný alikuwa akiishi Uingereza na mke wake Mwingereza, Rita, naye mchezaji wa tenisi, huku uraia wake ukiwa wa nchi iliyokuwa ikipigwa mabomu na majirani zake. Aliendelea kuingia Wimbledon kama Mmisri hadi mwaka 1959. Uraia wa Uingereza ulipokuja, akacheza mara moja ya mwisho mwaka 1960 chini ya nchi yake ya nne. Alifungua duka la vifaa vya michezo London, na huko ndiko alikofia Septemba 2001.

Nimeandika haya yote kwa sababu mjadala wa kubadili uraia kwetu huwa una jina moja: Stephen Cherono. Agosti 2003 kijana yule wa Kenya alishinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia Paris, ila alikuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, wa siku chache tu, na kaka yake Abraham alikuwa kwenye mbio hizohizo na jezi ya Kenya. Iliripotiwa sana wakati huo kwamba Qatar ilimwahidi malipo ya kila mwezi. Kenya ikagoma kumruhusu akimbie Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Watu walichukia, na chuki hiyo imetufanya tuwaweke wote kwenye kapu moja: wa Qatar, wa Bahrain, na yeyote aliyevaa rangi nyingine.

Kwenye tenisi kapu hilo halifai hata kidogo. Elena Rybakina alizaliwa Moscow, akaanza kuichezea Kazakhstan mwaka 2018 kwa kuwa shirikisho la huko lilikuwa tayari kugharamia mazoezi yake. Mwaka 2022 Wimbledon iliwafungia Warusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, yeye akaingia kwa pasipoti yake ya Kazakhstan na kumfunga Jabeur kwenye fainali. Niliumia siku ile kwa ajili ya Jabeur, ila sikuona wizi wowote. Kazakhstan iliwekeza kwa msichana ambaye kwao hawakumpa kipaumbele. Hiyo ni biashara, na biashara ya wazi. Aljaž Bedene naye aliitoka Slovenia akachukua uraia wa Uingereza mwaka 2015, akakuta shirikisho la kimataifa limeshapitisha kanuni kwamba aliyechezea nchi moja Davis Cup hawezi kuichezea nyingine. Akakata rufaa, akashindwa, na baadaye akarudi Slovenia. Kanuni ile naielewa, maana bila yake matajiri wangenunua timu nzima. Lakini imetungwa na watu wenye picha ya mnunuzi na muuzaji kichwani. Mtu wa Gstaad hayumo ndani yake.

Na watu wa Gstaad hawajaisha. Martina Navratilova, Prague hiyohiyo, aliomba hifadhi New York mwaka 1975 akiwa na miaka 18, mara tu baada ya kutolewa nusu fainali ya US Open. Mwaka 1986 aliingia Prague na timu ya Marekani kwa ajili ya Fed Cup, kombe la timu za mataifa za wanawake, na majukwaa yakamshangilia mbele ya serikali iliyotaka jina lake lisahaulike. Daria Kasatkina wa Urusi alijitokeza mwaka 2022 kusema waziwazi kwamba anapenda wanawake, akaiponda vita ya nchi yake, na tangu hapo kurudi nyumbani kukawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Machi 2025 alitangaza kwamba maombi yake ya ukaazi wa kudumu yamekubaliwa na ataanza kucheza chini ya bendera ya Australia, moja ya zile nchi tatu ambazo Drobný alizibishia hodi bila kufunguliwa.